Debe la Jilala Lilikuwa Jepesi

Kama juma lililopita hukupata gazeti, hukukosa mengi. Nilifukuzwa kwenye kinu cha pamba Shinyanga, nikaugua, nikalazwa Kolandoto mpaka nywele zikanyonyoka, nikapona, nikatembea kwa miguu hadi Geita na mke wangu Mwahija na binti yetu Zuleha. Huko nikapata kazi ya kufagia bustani ya meneja wa mgodi mmoja wa dhahabu. Kisha mtunza birika wa meneja yule akafungwa kwa wizi, nami nikapewa nafasi yake. Nikaishia hapo.

Baadhi yenu mmeniletea barua mkisema, haya Muhidini, sasa mambo yamekunyookea, tuandikie ya furaha. Ningependa. Kalamu ni yangu, lakini yaliyotokea hayakuwa yangu kuyachagua.

Basi sikilizeni habari za birika.

Lilikuwa birika la kuogelea, la saruji, nyuma ya nyumba ya meneja. Meneja tulimwita Bwana Miwani kwa sababu hakuwahi kuonekana bila miwani, hata akiwa majini. Kazi yangu ilikuwa mambo mawili tu. Magharibi natia dawa. Asubuhi napima.

Dawa yenyewe ilikuwa unga mweupe unaokuja ndani ya madebe. Bwana aliuita klorini, sisi tuliuita chokaa ya dawa. Unaua uchafu, na unachoma macho na kifua cha anayeutia, lakini hilo halikuwa la kuulizwa. Kupima ni hivi: unachota maji ya birika kwenye kichupa chembamba, unadondosha matone matatu ya dawa nyingine, unatazama. Yakigeuka manjano, nguvu ipo. Yakibaki meupe, nguvu imeliwa.

Ya kwangu yalibaki meupe. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikaacha kuhesabu. Nikizidisha dawa jioni, asubuhi meupe. Nikimimina nusu debe zima, asubuhi meupe.

Jumatatu Bwana Miwani akaja mwenyewe na kichupa chake. Akapima, akakiinua juani, akakitazama kwa muda mrefu.

"Dawa yangu iko wapi?"

"Nimeitia yote, Bwana."

"Jilala pia alisema ametia yote."

Jilala ndiye mtunza birika aliyefungwa.

"Jilala yuko wapi leo?"

"Gerezani, Bwana."

"Jumamosi wageni wangu wanatoka Mwanza na watoto wao. Ijumaa saa sita nakuja kupima. Maji yakiwa meupe, wewe unakwenda boma."

Hakupandisha sauti. Akasema kama mtu anayeagiza chai, akarudi barazani.

Nikarudi nyumbani nimechoka hata kuongea. Mwahija alikuwa na mimba ya miezi saba, amekaa kizingitini anachambua mchele. Nyumba ile ya kota ilikuwa ya kazi. Siku waliyomchukua Jilala, mkewe Nyamizi alitolewa humo kabla ya adhuhuri, vyungu vyake vikawekwa nje, nasi tukaingia jioni ile ile. Majivu ya jikoni kwake yalikuwa bado ya moto.

"Kuna nini, Baba Zuleha?"

"Ijumaa nikishindwa, nafungwa. Nawe utatolewa humu."

Akaacha kuchambua. "Umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi kwa nini wakufunge?"

Nikamwomba maji, nikanywa, nikalala bila kula.

Asubuhi ya Jumanne nikaanza kuitafuta dawa kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Kwanza nililishuku jua. Bwana alikuwa na kitabu, na alishanieleza kuwa jua linakula dawa. Lakini mimi naitia magharibi, na kukipambazuka haipo. Jua lilikuwa limelala kama sisi. Nikaliondoa.

Nikawashuku watu. Labda vijana wa kota wanapanda ukuta kujitosa gizani na jasho lao la shimoni. Hilo nalo nilishalipima: Jumatatu jioni nilinyunyiza majivu kuzunguka birika lote, shubiri mbili upana. Asubuhi ile nikayakagua nimechuchumaa. Palikuwa na nyayo za vyura tu. Nikawaondoa watu.

Ikabaki dawa yenyewe. Huenda imekufa ndani ya debe. Madebe yalikuja kwa gari la mizigo mpaka duka la Ramniklal, ndipo yapelekwe mgodini, na nani ajuaye yalikaa juani muda gani. Nikajitwika debe, nikatia kichupa mfukoni, nikashuka sokoni.

Ramniklal alikuwa anapima sukari. Mkewe, Champaben, alikuwa nyuma ya pazia anamkaripia mtoto wa jirani kwa kuchezea magunia.

"Shikamoo, Bwana Ramniklal."

"Marahaba, Muhidini. Debe la nini?"

Nikamweleza. Akafuta mikono, akafungua debe jipya lililofika wiki ile, tukatia unga kidogo kwenye bilauri moja ya maji na unga wa debe langu kwenye bilauri nyingine. Nikadondosha matone. Zote mbili zikawa manjano, sawasawa, hakuna iliyoizidi nyingine.

"Dawa nzima, bhai," akasema. "Usinitafute mimi. Mwenzako naye alikuja hapa hivi hivi."

"Mwenzangu nani?"

"Yule Msukuma mrefu, aliyefungwa. Alikuja na debe, ndani hamna kitu. Hajui kusoma. Alitaka nimsomee maandishi ya nje, kama dawa ni ya zamani. Nikamsomea. Nikamwambia si ya zamani. Akaenda zake anakuna kichwa."

"Siku gani hiyo?"

"Siku mbili hivi kabla hawajamchukua."

Nikashika meza. Ramniklal akaniuliza kama nina homa, nikasema ni jua.

Sasa naandika jambo ambalo sikulitia katika masimulizi ya juma lililopita. Nilisema Jilala alifungwa kwa wizi. Sikusema shahidi alikuwa nani.

Alikuwa mimi. Bwana Miwani alituita wote bustanini akauliza nani amemwona Jilala akitoka na debe. Nyapara wetu, Bujiku, akanitazama mimi. Nikasema nimeona. Boma wakaniuliza vilevile, nikasema nimeona, na ni kweli niliona. Asubuhi aliyotoka nalo, Jilala aliniita mlangoni kwake akaniambia, nitwike hili, mkono wangu unauma. Nikamtwika. Lilikuwa jepesi, lingeweza kupeperushwa na upepo. Niliulizwa kama nimeona debe. Sikuulizwa kama lina kitu.

Sikujua alikuwa analipeleka wapi. Hilo naapa. Lakini nilijua ni tupu, na nilijua pia kuwa akiondoka yeye, kazi ni yangu. Mwahija alikuwa ameanza kutapika asubuhi, na tulikuwa tunalala kwenye kibanda cha zana.

Nikajitwika debe langu, nikatoka dukani. Sikufika mbali. Bujiku alikuwa amesimama njiani, fimbo yake kwapani.

"Mwangaluka, Muhidini."

"Mwangaluka."

"Debe hilo unalipeleka wapi?"

"Nalirudisha kwa Bwana. Nilikuja kulipima."

"Kwa Mhindi?"

"Kwa Mhindi."

Akatabasamu. "Jilala naye alikuwa analirudisha," akasema, akaenda zake upande wa mgodini kwa hatua ndefu.

Nikaketi juu ya lile debe kando ya njia. Nilikuwa kama nimevaa viatu vya Jilala, na sasa vilikuwa vinanibana mahali palepale vilipombana yeye. Nikacheka kidogo, peke yangu. Kisha nikainuka kwa sababu Ijumaa haikuwa inaningoja.

Jioni ile nikafanya jambo moja. Nilipokwisha kutia dawa, nilichota ndoo moja ya maji yale yale ya birika, nikaifunika, nikaiacha pembeni hadi asubuhi. Jumatano nikapima. Birika, meupe. Ndoo, manjano ya kupendeza.

Nikayatazama maji yale mpaka macho yakauma. Maji ni mamoja, dawa ni moja. Ya kwenye ndoo yamelala yametulia, ya birikani yamelala yanatembea. Maana Bwana alikuwa na pampu ya umeme inayofanya kazi usiku kucha, kwa sababu mchana kelele zake zilimwudhi. Iliyavuta maji, ikayapitisha kwenye sanduku kubwa la saruji lililojaa mchanga juu na mawe chini, yakachujwa, yakarudi birikani.

Jumatano jioni nikaizima pampu. Nikamwambia Bwana ina joto, ipumzike. Akanitazama juu ya miwani, akakubali.

Alhamisi asubuhi birika lilikuwa manjano.

Mwizi hakuwa jua, wala watu, wala Ramniklal. Mwizi alikuwa ndani ya sanduku la mchanga, na sanduku lile nilikuwa nimepewa amri ya kuliosha lote kila mwezi. Nakiri, sikuwa naliosha. Nilikuwa navuruga mchanga wa juu kwa koleo, naumwagia maji ukapendeza, nakwenda kulala kivulini.

Nikautoa mchanga wote. Mchanga mtupu. Nikabaki na kile kijimlango cha chini, kwenye mawe, maji yanapotokea. Hakifunguliwi ila chura akinasa. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono.

Nikashika kitu laini kilichofungwa. Nikakivuta. Kilikuwa kifurushi cha kitambaa, ukubwa wa ngumi, kimefungwa fundo. Nikakifungua. Makaa.

Nikaingiza mkono tena. Makaa. Tena, makaa. Nikajaza karai, nikajaza la pili. Vifurushi vingine vilikuwa vimeoza kwa kukaa, vingine vipya.

Nyinyi mliolelewa Tabora au Ujiji mnavijua vifurushi vile. Mtungi wa maji ukishika harufu, mama anachagua makaa mazuri, anayaosha, anayafunga kitambaani, anayatosa ndani ya mtungi. Kesho yake maji hayana harufu ya kitu chochote. Na kile kitambaa nilikijua. Kilikuwa cha kanga nyekundu niliyoinunua Kahama tulipopita na Zuleha mgongoni, ikararuka, mke wangu akalia siku nzima.

Hapa sina budi kurudi nyuma kidogo.

Bondeni, chini ya nyumba ya Bwana, wafanyakazi Waislamu tulikuwa na msikiti wetu wa miti na udongo. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, visima vilikauka. Nilipokuwa mfagiaji bado, nilimwomba Jilala maji yanayozidi pale penye sanduku tuyapeleke kwa bomba mpaka kwenye hodhi ya kutawadhia. Jilala si Mwislamu. Alicheka akasema, "Yanamwagikia majani bure, mwacheni Mungu naye anywe." Akalikata bomba kwa mikono yake, Bwana akiwa safari, akalifukia ili lisionekane.

Tukafurahi siku moja. Siku ya pili mkwe wangu, Mzee Hatibu, anayetuswalisha, akachota maji yale, akanusa, akayamwaga.

"Maji yaliyogeuka harufu kwa dawa hayatawadhiwi," akasema mbele ya watu wote, kwa sauti yake ile, maana ni kiziwi nusu na hudhani sote ni viziwi. "Muhidini, unatufanya tuswali bila udhu. Nikiona hivi tena namchukua binti yangu."

Niliona haya nikataka ardhi inimeze. Lakini hazikupita siku nyingi, harufu ikatoweka. Mzee akanusa, akasema alhamdulillahi. Nikadhani ni urefu wa bomba.

Nikafika nyumbani na karai kichwani. Nikaliweka miguuni pa Mwahija. Akalitazama, kisha akanitazama mimi, wala hakuonyesha hofu.

"Umeyatoa kwa nini?"

"Ni wewe uliyeyatia?"

"Ni mimi. Kila Alhamisi nikikuletea chakula. Ukishakula unalala, nafua vitambaa vya mtoto pale kwenye sanduku, natia." Akashika tumbo lake. "Baba alitaka kunichukua. Ulikaa siku tatu hutoki nje kwa aibu. Nikasema makaa yanasafisha maji, nani asiyejua? Nikadhani hata Bwana wako atafurahi, maji yake yatakuwa matamu."

"Yanakula dawa, Mama Zuleha. Yanaila yote."

"Dawa ndiyo uchafu," akasema. "Ndiyo inayokufanya ukohoe."

Angekuwa amenikosea kwa makusudi ningejua la kufanya. Nikaketi chini karibu yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Baba tu. Aliniuliza maji yamepata nini, nikamwambia. Alinishika kichwa akaniombea dua."

"Ulianza lini?"

"Mwezi wa mfungo. Kumi la mwisho, nilipokuwa nakuletea futari."

"Mfungo huu uliopita?"

"Huu huu."

"Jilala alichukuliwa lini?"

Sote wawili tulifikia hesabu ile ile. Jilala alikamatwa siku nne baada ya Idi. Alikuwa ameshaangalia maji meupe majuma mawili, akaongeza dawa, akaongeza tena, akabeba debe tupu kwa Mhindi asomewe.

"Hakuiba," Mwahija akasema polepole.

"Hakuiba."

"Alitukatia bomba."

"Ndiyo."

Zuleha akaingia akachukua kaa moja kwenye karai, akaanza kuchora ukutani. Hakuna aliyemkataza.

"Utamwambia Bwana?"

"Nikimwambia, atataka kujua makaa ni ya nani. Atalikuta bomba. Atakupeleka boma na tumbo hilo, atamchukua na baba yako."

"Na Jilala je?"

Nikasema, "Jilala alipewa mwaka. Amebakiza miezi minane."

Nilijisikia nikiyasema hayo. Mwahija naye alinisikia. Akaliinua karai, akaenda kuyamwaga makaa nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Alhamisi jioni nikarudisha mchanga, nikatia dawa na kuwasha pampu, bila kaa hata moja ndani ya sanduku. Ijumaa asubuhi maji yalikuwa manjano. Saa tano manjano. Saa sita Bwana Miwani akashuka ngazi na kichupa chake, na Bujiku nyuma yake, amekwisha kumweleza habari za debe na Mhindi, maana alikuwa ameshika kamba ya kunifungia.

Bwana akapima. Akakiinua kichupa juani. Njano yake ilionekana hata pale niliposimama.

"Umefanya nini?"

"Nimeosha sanduku la mchanga, Bwana. Lote mpaka chini. Uchafu ulikuwa unakula dawa."

"Uchafu gani?"

"Majani yaliyooza, Bwana."

Akatikisa kichwa taratibu, mtu wa vitabu, jambo limemwingia akilini. Kisha akaniuliza swali ambalo nililiogopa tangu jana.

"Jilala hakuwa anaosha?"

Angalieni, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema, Bwana, Jilala aliosha, na dawa ililiwa vilevile, mtu yule hakuiba. Nusu tu ya ukweli ingetosha kumtoa. Bujiku alikuwa ananitazama na kamba yake.

"Hakuwa anaosha, Bwana," nikasema.

"Mwizi, tena mvivu," akasema Bwana Miwani. Akanipa sigara. Sivuti sigara. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Saa saba nikashuka msikitini. Nilitaka kuswali tu, nirudi, nilale mpaka Jumamosi, wageni waje waogelee, wafe au wapone.

Nje, kwenye hodhi, watu walikuwa wameketi kwenye mawe wanakunja mikono ya kanzu. Pembeni alikuwepo Nyamizi, mke wa Jilala, na mtungi wake. Tangu atolewe kota alihamia kibanda cha nyasi bondeni, na kwa kuwa visima vilikuwa vikavu, Mzee Hatibu alimruhusu achote kwenye hodhi yetu kila Ijumaa wakati watu wanatawadha. Kila Ijumaa nilimwona. Kila Ijumaa nilimwita shemeji, naye ananiuliza hali ya Mama Zuleha na mimba yake.

"Mwadila, Baba Zuleha. Mama hajambo?"

"Hajambo, shemeji."

"Mwambie asiinue vitu vizito."

Mzee Hatibu akachota maji kwa kiganja. Akayapeleka puani. Akayamwaga.

Nilikuwa nimesahau. Wallahi, kwa mambo yote yale, hodhi nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Muhidini," akasema, na sauti yake ikafika mpaka barabarani. "Harufu imerudi. Mwahija hakutia makaa juma hili?"

Watu wakageuka.

"Tutazungumza nyumbani, Baba," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nyumbani, Baba."

"Sikusikii. Nakuuliza makaa. Tangu mfungo yalikuwa yanaifuta dawa ya mzungu isibaki hata chembe. Nani kayatoa?"

"Ni mimi, Baba. Nimeyatoa."

"Kwa nini? Makaa ya mwanangu yana kosa gani?"

Nikasikia mtungi unawekwa juu ya jiwe. Uliwekwa taratibu, na maji yaliyokuwamo hayakumwagika.

Nyamizi alikuwa amesimama. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, wala hakuwa amewahi kuninyanyulia macho. Sasa alinitazama usoni.

"Makaa yanafuta dawa?" akamwuliza Mzee Hatibu, kwa sauti ya kumfikia.

"Yanafuta, binti yangu. Yote."

"Tangu mfungo wenu ule?"

"Tangu kumi la mwisho. Binti yangu ndiye anayeyatia, kwa ajili ya udhu."

Mzee alisema kwa fahari. Nyamizi akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, mkono mmoja, akarudia. Nilijua anahesabu nini, kwa sababu niliihesabu jana. Alipomaliza akakunja ngumi.

"Jilala aliniambia," akasema. "Nilipokwenda kumwona gerezani aliniambia, Nyamizi, kuna kitu mle ndani kinakula dawa. Aliapa. Nikamwambia, nyamaza, umetuaibisha na watoto. Hata mimi sikumwamini. Nimerudi mara mbili, na sikumwamini."

Mtu mmoja aliyekuwa anaosha mguu aliuacha mguu juu ya jiwe.

"Shemeji," nikaanza.

"Ngoja," akasema. "Mimi nina neno moja la kukuuliza, Baba Zuleha. Boma sikuruhusiwa kuuliza. Siku ile asubuhi nilikuwa mlangoni, ndani, nafunga mtoto. Nilikuona unamtwika mume wangu debe."

Juu ya ngazi za nyumba ya Bwana nikaona Bujiku amesimama, kamba yake bado mkononi, anatazama huku bondeni kujua watu wamenyamazia nini. Na kwenye njia ya kota, akija polepole na kapu la chakula changu kichwani, mkono mmoja umeshika kiuno, nikamwona Mwahija.

Nyamizi hakugeuka kumtazama.

"Lile debe ulilomtwika," akaniuliza. "Lilikuwa zito?"

Mzee Hatibu akakinga kiganja sikioni, asipitwe na jibu langu.